Siku ya dada

Mwezi uliopita, Jumatatu saa tatu na nusu usiku, bosi katupia meseji kwenye grupu la kazini, "ile ripoti iko kwa nani?", watu wakaanza kujibu mbiombio kama wako kwenye usaili, mi nikazima data nikamgeukia mume wangu na hotuba: Ureno tangu 2022 ni marufuku mwajiri kumsumbua mtu muda wake wa kupumzika isipokuwa kuna dharura kweli, kampuni ikikaidi inapigwa faini, sisi huku tunageuzwa watumwa kwa bando letu wenyewe!

Naongea hivyo, jikoni dada wa kazi anasugua sufuria la wali, ukoko umegoma. Ameamka saa kumi na moja alfajiri, maana gari la shule linapita kumi na mbili kasoro. Hesabu mwenyewe.

Nikanyamaza.

Kesho yake nikaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya hapa Tanzania, kumbe haimbagui dada: masaa 45 kwa wiki, mapumziko ya masaa 12 mfululizo kila siku, na masaa 24 kila wiki. Kwa anayeishi hapohapo kazini yale 12 yanaweza kushuka mpaka 8, ila kwa makubaliano ya maandishi. Maandishi! Wangu nilimpokea stendi na begi lake, mshahara tukaongea kwenye bajaji.

Zamani nilikuwa upande wa wale wanaosema serikali inaingiliaje, watu wazima si wakubaliane wenyewe. Haya, nikamuuliza anataka siku gani ya kupumzika. "Yoyote tu mama, hata isipokuwepo hamna shida," macho chini. Sasa angesemaje, na mi ndo namlipa na kitanda anacholalia ni changu? Hapo hamna makubaliano bwana, hapo kuna mtu anaomba. Ndo maana lazima iwe sheria, tena na mtu wa kuja kuikagua, manake hii ya 2004 imekaa miaka yote hiyo na jikoni kwangu haikuwahi kufika.

Tukapanga Jumapili. Ya kwanza alikaa chumbani mpaka saa nne, akatoka akaanza kufagia uwanja, nikamnyang'anya ufagio. Ya pili akaondoka asubuhi na gauni la njano sijawahi kuliona, karudi saa moja jioni anacheka na simu. Mdomo uliniwasha kumuuliza alikuwa wapi, nikajikaza, nikarudi kwenye sufuria langu.