Barua ya Mama Daftari

Tarehe ya mwisho ya kupendekeza majina ya tuzo ni Ijumaa, nami nina aya moja tu. Ina "mchapakazi", ina "mwadilifu", ina "mwenye moyo wa kujitolea". Nimeisoma mara tatu. Ingefaa kusomwa msibani kwa mtu yeyote.

Ninayemwandikia nitamwita Mama Daftari. Mwaka wa sita sasa meza zetu zinatazamana katika ofisi ya misaada ya masomo ya chuo kimoja hapa Marekani.

Fomu ya mapendekezo inataka "mafanikio yanayopimika". Hapo ndipo kalamu inapogoma. Vyama vyetu, vya majimbo na hata NASFAA, chama cha taifa zima cha maofisa wa misaada ya masomo kilichoanza 1966, vina tuzo zao, na kwa macho yangu wanaoitwa jukwaani mara nyingi ni waliokwisha kulizoea jukwaa: watoa mada, wenyeviti wa kamati. Sisemi hawastahili. Ila kazi ya Mama Daftari ikienda vizuri, hakuna kinachotokea. Utapimaje kisichotokea?

Chukua hilo daftari lenyewe. Kanuni za serikali kuu zinasema mwanafunzi akiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada ambayo hajaistahili inarudishwa, na mara nyingi deni humwangukia yeye. Akishavuka hapo, msaada wote wa serikali kuu alioupata muhula huo unahesabiwa kuwa halali yake. Mfumo wa kompyuta hupiga hesabu hiyo mtu akishaondoka. Mama Daftari huiandika siku ya asilimia 60 kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu, muhula unapoanza, na washauri wa masomo wameshazoea: anayetaja kuacha, apitie kwake kwanza. Nimemsikia mara ngapi sijui: "Zimebaki siku tisa. Siku tisa utaziweza?" Wapo wasioziweza, mama yuko hospitali au mtoto hana wa kumlea. Hao huwaonyesha deni litakuwa kiasi gani kabla hawajatia saini, na hawasukumi.

Halafu kuna yule kijana ambaye baba yake aliachishwa kazi 2023. FAFSA, fomu ya kuombea msaada, hutazama mapato ya miaka miwili nyuma. Kwa 2024–25 ilitazama ya 2022. Kwa hiyo kwenye karatasi baba alikuwa bado anakula mshahara mnono, na kijana hakustahili ruzuku. Sheria inamruhusu afisa kurekebisha takwimu za familia moja moja, mradi kuna ushahidi. Inaruhusu tu, kulifuatilia ni juu yako. Na mwaka ule ndio fomu mpya ilifunguliwa mwisho wa Desemba badala ya Oktoba, taarifa zikaanza kuvifikia vyuo Machi, simu zikawa hazikatiki. Wengi wetu, mimi nikiwamo, tuliziweka kesi za namna hiyo chini kabisa ya rundo.

Yeye alimpigia yule baba. Mzee hakutaka kuja, aibu. Mama Daftari hakumwuliza kwa nini alipoteza kazi wala anaishije. Aliomba barua ya kuachishwa na karatasi za mafao ya ukosefu wa kazi, basi. Kijana akapata ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu zisizorudishwa kama mkopo, ambayo kiwango chake cha juu mwaka ule kilikuwa dola 7,395. Kwenye ripoti yetu ya mwaka alihesabiwa kama mwanafunzi mmoja kati ya waliosajiliwa.

Mwaka jana nilijaribu kumpendekeza bila kumwambia. Nilijaza sifa tupu, hatukupata kitu, na kosa lilikuwa langu. Safari hii nikamwuliza kwanza. Akaendelea kupanga mafaili yake, kisha akasema, "Ukitaka kunishukuru, nipokelee simu za Ijumaa mchana." Ijumaa mchana ndipo wazazi wanapopiga wakiwa wametoka kazini na hasira zao zote.

Nimekubali simu. Ile aya nimeifuta, naanza upya na zile siku tisa, nione kama kamati itaelewa. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa kumi na moja jioni, na kuanzia saa saba nitakuwa kwenye simu.