Kadi 37 za manila

Mwezi Mei 2025 kongamano la eLearning Africa lilifanyika Dar es Salaam, katika Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, nami nilikuwemo. Nafundisha fizikia kwenye shule ya kata mkoani Iringa. Kidato cha pili nina wanafunzi 74 katika chumba kimoja, na projekta ni moja kwa shule nzima. Shirika linalotusaidia lililipia kiingilio, mkuu wa shule akanipa ruhusa, nikapanda basi la alfajiri.

Siku ya kwanza nilizunguka mabandani: vibao vya kugusa, programu za akili mnemba zinazosahihisha insha. Ni vitu vizuri, sivibezi, lakini kila banda niliuliza swali lilelile: pasipo intaneti itakuwaje? Waliokuwa na jibu walikuwa wachache, na hao ndio niliokaa nao. Niliona Kolibri, inayohifadhi masomo ndani ya kompyuta moja na kuyagawa darasani bila intaneti. Nikaona pia PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta. Ukishayapakua, bando haihitajiki tena. Nilirudi nayo kwenye laptopu.

Kilichobadilisha darasa langu, hata hivyo, nilikipata wakati wa chai. Mwalimu wa hisabati kutoka Kigali alikuwa ameketi pembeni na bahasha ya kadi za karatasi, kila moja na mchoro mweusi wa mraba uliokatikakatika. Zinaitwa Plickers. Mwanafunzi huigeuza kadi kulingana na jibu lake, A, B, C au D, kisha mwalimu hupitisha kamera ya simu yake darasani na majibu yote yanasomeka. Wanafunzi hawahitaji simu, na jirani hawezi kuchungulia jibu kwa sababu michoro yote inafanana machoni.

"Dada," nikamwuliza, "seti ina kadi 40, mimi nina watoto 74."

"Wape wawili wawili," akasema. "Na usiwaambie jibu upesi, mwalimu. Waache kwanza wabishane."

Niliporudi shule nilichagua swali moja la umeme. Balbu mbili za aina moja zimeunganishwa kwa mfuatano kwenye betri: ipi itawaka zaidi? A, iliyo karibu na upande chanya. B, ya mbali. C, zote sawa. D, hakuna itakayowaka. Wiki moja kabla walikuwa wamenakili maelezo yote ya mkondo wa umeme, na nilipouliza kama wameelewa, darasa zima liliitikia "ndiyo!" Sasa simu ikanionyesha jozi 26 kati ya 37 zimechagua A.

Nilisimama pale ubaoni nikiitazama ile simu. Miaka tisa nimekuwa nikiipokea ile "ndiyo" na kusonga mbele.

Nikawaambia wabishane, kwa Kiswahili. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi waliotoka shule za msingi za Kiswahili hukaa kimya kwa kukosa maneno. Siku hiyo kimya kiliisha. Kijana mmoja alisema, "Balbu ya kwanza inakula umeme, ya pili inabakiziwa." Katika kufundisha kwangu kote sikuwahi kusikia kosa hili likielezwa waziwazi namna hiyo. Lilikuwa vichwani mwao siku zote. Ni mimi niliyekuwa silifikii.

Tukafunga balbu za tochi. Zilizokuwepo hazikuwa za aina moja, na iliyokuwa karibu na upande chanya ikang'aa zaidi. Kundi la A likashangilia. Nikazibadilisha nafasi: balbu ileile, sasa ikiwa mbali, ikaendelea kung'aa zaidi. Msichana wa dawati la nyuma akasema taratibu, "Basi siyo nafasi, ni balbu yenyewe." Nikaleta mbili za pakiti moja, zikawaka sawa. Kisha wakaja kwa makundi kwenye laptopu kuona PhET: elektroni zinapita mwendo mmoja saketi nzima, hakuna inayoliwa njiani. Kipindi cha dakika 40 kilikwisha, mwalimu wa kipindi kilichofuata akaniachia dakika kumi zake. Tulipopiga kura tena, jozi 33 zilichagua C.

Wiki ya pili mtandao ulikatika katikati ya somo na simu haikuwa na msaada. Nikakata manila vipande 37, nikaandika herufi kubwa nne, moja kila pembe. Ili wasiigane, wanaikumbatia kadi kifuani, nahesabu hadi tatu, wote wanainua pamoja, jibu likiwa juu. Hesabu kamili siipati tena, ila kwa jicho naona upande gani wa darasa umepotea, na hilo ndilo ninalolihitaji. Mwalimu wa baiolojia anaziazima kila Jumanne.

Zile jozi nne zilizobaki na jibu la zamani najua zinakaa wapi: mbili dirishani, mbili karibu na mlango. Alhamisi naanzia kwao, na zile balbu mbili za pakiti moja mkononi.