Simu iliposema ilimba ni mbovu

“Mwalimu, ilimba hii imeharibika.”

“Nani kakwambia?”

“Simu.”

Nafundisha walimu watarajiwa wa muziki hapa Bagamoyo. Muhula ule niliwaruhusu watumie akili unde waziwazi, maana nilichoka kujifanya sioni. Maandalio ya somo yalikuwa yananijia yamenyooka kama yamepigwa pasi: “kila mwanafunzi akae kwenye piano yake.” Piano! Huko wanakokwenda kwa mazoezi ya kufundisha, hata ngoma huwa ya kuazima.

Kijana huyu alikuwa amerekodi ilimba, ala yenye ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole, akaipa programu imwandikie nota. Ikamjibu kwamba sauti moja iko chini. Naye kwa utiifu akaanza kuusukuma ulimi wa chuma. Nilimshika mkono nikiwa nimechelewa kidogo.

Ilimba ni ya Wagogo, na ndiyo ambayo marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliitoa Dodoma akaizoesha masikio ya Bagamoyo. Sauti za ilimba hufuata zile zinazozaliwa zenyewe ndani ya waya mmoja. Kulieleza hili kwa maneno nilishashindwa miaka mingi, wanachuo wanaitikia tu. Safari hii nikachukua gitaa, nikalegeza waya mmoja ukalingana na sauti mama ya ilimba. Waya una sentimita 65. Gawa kwa 7, maana niliitaka ya saba kati ya sauti hizo. Nikapima kwa rula sentimita 9.3 kutoka upande wa kichwa, nikagusa pale bila kubana, nikadonoa. Kikatoka kimluzi chembamba. Darasa likanyamaza, kisha binti mmoja akakiimba kwa sauti ya chini: ndiyo ile ile “mbovu” ya ilimba.

Piano huigawa oktavu, yaani umbali wa kutoka sauti moja hadi ile ile ya juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100; senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti. Sauti mama ikilingana na kitufe cha piano, kimluzi kile huwa senti 31 chini ya kitufe kilicho karibu nacho. Programu ilikuwa na vyumba 12 tu, na kila mgeni lazima alale katika kimojawapo.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kazi ninayowapa. Mashine inaandika nota, mwanachuo anazisahihisha kwa kalamu nyekundu na kutetea kila alama mbele ya wenzake. Maksi zipo kwenye kusahihisha. Hapo ndipo tuligundua pia kwamba simu ilikuwa inafuta mvumo wa utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu la ilimba, ikidhani ni makelele. Tukazima kichujio cha sauti.

Ulimi uliosogea tulimpelekea fundi. Mzee aliudonoa, akaugonga mara mbili, akaudonoa tena, basi. Alipotuuliza sisi tulikuwa tunapima kwa kitu gani, kijana akatumbukiza simu mfukoni.