Nyoki za viazi kwenye mbabula, bila mashine yoyote

Kila nikitaja nyoki, zile gnocchi za Waitaliano, vidonge vya viazi na unga vinavyochemshwa, hakosi mtu wa kuniambia kwamba Goma hazipikiki. Eti hatuna mashine ya kukamulia viazi, hatuna kibao cha mistari, hatuna mizani jikoni, na umeme ukija hukai nao. Halafu huyohuyo anatoa ushauri wake: donge likinata mkononi ongeza unga, likizidi kunata ongeza tena. Ushauri huo umeharibu nyoki nyingi kuliko ukosefu wa mashine zote za dunia. Mimi nazipika kwenye mbabula, jiko letu la makala (yaani mkaa), kwa sufuria mbili, chujio, ungo na kisu, nazo zinatoka laini hadi wageni wanauliza nimeziagiza wapi.

Adui ni maji yaliyo ndani ya kiazi. Yakibaki mengi, yatakulazimisha kuongeza unga, na unga ukizidi unakula mpira. Karibu kila ninachofanya hapa chini ni mbinu ya kuyafukuza maji hayo.

Kazi inaanzia sokoni. Usiseme unataka viazi tu. Akina mama wa soko la Virunga wanajua mali yao, nao wanatenganisha vya kukaanga na vya supu. Sema hivi: "Mama, nitafutie birayi (viazi) bya kukaanga, hapana bya supu." Kiazi cha kukaanga kina wanga mwingi na maji machache, ukikichemsha kinapasuka ngozi na kumomonyoka, na hicho ndicho tunachotaka. Kinigi, ile nyekundu inayotoka upande wa Rwanda, ni nzuri sana kwa kazi hii. Cha supu kinabaki kizima, kinang'aa, kinateleza ulimini: hicho kiachie nyama. Vichanga ambavyo ngozi inachunika kwa kidole viache pia, hata mama akikushushia bei, maana vimejaa maji. Chagua vilivyokaa wiki mbili tatu tangu kuchimbwa, vikavu, visivyo na rangi ya kijani. Na viwe vya ukubwa mmoja, la sivyo vidogo vitalowa wakati vikubwa bado vigumu katikati.

Ukiwa na shaka, chumvi itakuamulia. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, pima chumvi kikombe kimoja na maji vikombe 11, koroga hadi chumvi iyeyuke yote, kisha tumbukiza kiazi kilichooshwa. Kikizama, kina wanga wa kutosha, kwa sababu wanga ni mzito kuliko maji. Kikielea, kipeleke kwenye supu. Ndani ya fungu moja utashangaa kuona vingine vinazama na vingine vinaelea, ingawa kwa macho vinafanana kabisa. Maji hayo ya chumvi usiyamwage: nusu lita yake itatosha baadaye kutia chumvi sufuria nzima ya kuchemshia nyoki.

Kwa watu wanne napika kilo moja, yaani viazi saba au nane vya wastani. Njia ya kawaida ni kuvichemsha na ngozi yake, vikianza kwenye maji baridi. Usivimenye wala kuvikata, kwa sababu kila upande uliokatwa unakunywa maji. Usivichome uma kila dakika ukitafuta kama vimeiva. Choma kimoja tu, kile kikubwa, mara moja, karibu na mwisho. Na hizo dakika 30 zinazoandikwa na watu wa pwani ya Italia uzisahau. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo kiazi kinataka dakika 40 hadi 50 tangu maji yalipoanza kuchemka. Bukavu ni vilevile. Ndugu zetu wa Lubumbashi, walio kwenye mita 1,200 na kitu, wanaweza kupunguza dakika chache. Kiazi kisichoiva sawasawa kinaacha vipande vigumu ambavyo hakuna chujio litakaloviondoa, na nyoki inapasuka palepale kilipo kipande. Vikiiva, mwaga maji yote, rudisha sufuria bila kifuniko juu ya makala yanayoelekea kufa, tikisa kwa dakika tatu nne hadi ngozi zikauke na usikie vinakwaruza chini ya sufuria.

Lakini njia ninayojivunia ni nyingine, na Mwitaliano mwenye oveni yake asinicheke. Sote hapa tunajua kuoka keki kwa sufuria, makala chini na makala juu ya kifuniko. Viazi vinaokwa hivyohivyo. Twaa sufuria nzito, tandaza chumvi ya mawe chini, unene wa sentimita moja. Kama chumvi hiyo ni ghali kwako, mchanga mweusi wa volkano uliooshwa vizuri na kukaushwa unafanya kazi ileile, mradi ufute kila kiazi kabla ya kukipasua. Chumvi au mchanga unazuia ngozi isigusane na chuma na kuungua, halafu unanyonya unyevu unaotoka. Panga viazi vikavu na ngozi yake, visigusane, kila kimoja kichomwe uma mara moja kisije kikapasuka. Funika. Chini weka makala machache, juu ya kifuniko mengi. Watu wanakosea hapo, wanaweka moto wote chini, viazi vinaungua upande mmoja na upande wa juu unabaki mbichi. Baada ya nusu saa geuza viazi, ongeza makala ya juu, kisha subiri nusu saa nyingine au zaidi kidogo. Ngozi itakunjamana, na ukikibonyeza kwa kitambaa kitakubali bila ubishi. Kipasue hapohapo: mvuke utakaokupiga usoni ni maji ambayo yangekudai unga. Chumvi ikipoa irudishe kwenye kopo, itatumika mara nyingi.

Viazi vya kuchemsha vinaniomba glasi mbili za unga wa ngano kwa kilo. Vya kuoka vinaniomba glasi moja na robo. Glasi ninayosema ni ya mililita 250, imejazwa bila kushindiliwa, na inabeba gramu 130 hivi. Tofauti hiyo ya unga utaisikia mdomoni kabla hujameza.

Sasa kuponda, na hapa ndipo wajuaji wanapoleta kinu. Hapana. Mikseri pia hapana, hata umeme ukiwepo. Ukitwanga kiazi unapasua vyumba vidogo vinavyobeba wanga, wanga unamwagika nje na kuwa gundi, na ule mvutano unaoupenda kwenye foufou ndio utakaoupata kwenye nyoki. Kiazi kinatakiwa kiachane, kisipondwe. Chukua chujio la waya gumu, lenye matundu ya milimita mbili tatu, liweke juu ya beseni pana. Weka nusu ya kiazi kikiwa bado cha moto, upande uliokatwa ukitazama chini, na usukume moja kwa moja kwenda chini kwa kitako cha chupa safi ya bia. Usizungushe wala usisugue, kwa sababu kusugua ni kutwanga kwa jina lingine. Kitashuka kama nyuzi laini na ngozi itabaki juu, kwa hiyo hata kumenya hukumenya. Huna chujio gumu? Kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa, kinafaa: shika nusu ya kiazi kwa ngozi na kitambaa, kwangua taratibu, utabaki na ngozi mkononi. Uma wa mezani, kanya yoyote ile, unafaa pia ukiwa na subira, ila utaacha vibonge.

Fanya haya yote kiazi kikiwa cha moto. Kikipoa, wanga wake unaganda, kinakuwa kama nta, na nguvu utakayotumia kukipitisha ndiyo itakayotoa gundi. Kikishapita tu, kitandaze juu ya ungo kwa tabaka jembamba na ukiache dakika kumi. Ungo ni bora kuliko sinia kwa sababu unapumua chini. Kwenye sinia mvuke unageuka maji na kulowesha tabaka la chini.

Kikiwa vuguvugu, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai na theluthi mbili za unga ulioupima. Unga wote usiutie. Ute wa njano wa yai moja unaruhusiwa, hasa viazi vikiwa na unyevu kidogo, kwani unasaidia kushika. Ute mweupe ni maji, utayalipia kwa unga. Kata mchanganyiko kwa kisu huku na huku, kisha bonyeza na kukunja kwa viganja, bonyeza na kukunja, dakika moja au mbili, ukomee hapo. Usikande kama mandazi. Unga wa ngano ukikandwa unavuta, na huko kuvuta kunaleta nyoki za kutafuna kama ubani. Donge la nyoki lililo sahihi linanata kidogo. Linanata kwa sababu lina kiazi kingi, na mkono uliopakwa unga unatosha kulishika.

Kabla hujakata chochote, jaribu. Hakuna hatua inayookoa chakula kama hii, na ndiyo wanayoiruka wote. Kata vipande vitatu, vitie kwenye maji yanayochemka. Vikiyeyuka na kugeuza maji kuwa kama uji, ongeza unga kijiko kimoja au viwili vya kula, kunja, jaribu tena. Vikishika na kuwa laini, acha hata kama unga uliopima umebaki kwenye glasi. Vikiwa vigumu, unga umeshazidi au umekanda mno, na hakuna dawa: viringisha donge lote liwe chapati nyembamba, kaanga kwa mafuta, usimwambie mtu.

Kuna wanaoshauri unga wa muhogo badala ya ngano. Unashika kweli, lakini unavuta na kuteleza. Brazil wana nyoki zao zinazotokana na muhogo wenyewe uliochemshwa, na huo ni upishi mwingine kabisa.

Gawa donge mafungu manne, viringisha kila fungu liwe kamba ya unene wa kidole gumba, kata vipande vya sentimita mbili. Juu ya meza nyunyiza unga wa mahindi uliokobolewa, mwembamba. Haunywewi haraka na donge, kwa hiyo hautengenezi ute. Ile mistari ni ya kushikia sosi, si pambo. Kibao cha kununua hakihitajiki: sukuma kipande kwa kidole gumba juu ya mgongo wa ungo safi uliopakwa unga, kijiviringishe kidogo na kujikunja, upande mmoja upate alama za ukindu na mwingine shimo la kidole. Sardinia, kile kisiwa cha Italia, wale wazee waliotengeneza malloreddus, tambi fupi za ngano, nao walitumia vikapu vya kusuka, kwa hiyo hatujabuni kitu.

Zichemshe upesi. Nyoki mbichi ikikaa nusu saa inaanza kutoa maji na kugandana na wenzake. Sufuria pana, maji lita nne au tano, na makala yawake kwelikweli, kwa sababu ukitumbukiza nyoki zote kwa pamoja juu ya moto wa kusinzia, maji yanaacha kuchemka na zinalala chini zikiyeyuka. Weka mafungu madogo. Koroga mara moja tu, kwa upole, zisishike kitako. Zikipanda juu, hesabu nusu dakika, zitoe kwa lile chujio lako. Ukizimwaga kwenye kichujio kikubwa pamoja na maji yote, za juu zitaponda za chini.

Sosi iwe tayari inasubiri. Nyanya zilizoiva, vitunguu, kitunguu saumu na mafuta, zipikwe hadi maji ya nyanya yaishe. Tia nyoki ndani ya kikaango pamoja na vijiko viwili vitatu vya maji zilizochemkia, tikisa, kisha kwangua jibini ya Masisi juu yake. Hiyo jibini ndiyo sababu sitamani kitu chochote cha kuagizwa. Siagi na kitunguu saumu peke yake pia yatosha. Zile sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga ziweke pembeni, zisichanganywe, zitalainika na kupoteza utamu wake.

Kuhusu gharama, viazi, unga, nyanya na kipande cha jibini kwa familia nzima vinakuja pungufu ya sahani moja ya mgahawa wa kando ya ziwa. Kinachouma ni makala. Argentina na Uruguay wanakula nyoki tarehe 29 ya kila mwezi, wakati mshahara umekwisha na mwingine haujaingia, na wanaweka noti chini ya sahani kwa kuombea neema. Ni chakula cha mfuko mtupu tangu zamani, sijui nani aliwaambia watu wa hapa kuwa ni cha hoteli.

Zikibaki, usizihifadhi mbichi. Zichemshe zote, zipake mafuta kidogo, zitandaze zisigusane, funika kwa kitambaa na uzile siku hiyohiyo. Jioni zikaange kwa mafuta kidogo bila kuzigusagusa, upande mmoja hadi uwe kahawia na ukauke kwa juu, ndipo ugeuze.