Siku moja maishani mwangu: maabara ya viinitete, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri. Naoga kwa sabuni isiyo na harufu. Siku za kazi sipaki manukato kabisa, maana mvuke wake huweza kudhuru viinitete, yaani mimba changa kabisa tunazotungisha nje ya mwili.

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai nakagua inkubeta, kabati la kutunzia viinitete: joto nyuzi 37, oksijeni asilimia 5. Hewa tunayovuta ina asilimia 21, lakini mle tumboni mwa mama oksijeni ni kidogo, nasi tunafuata mwili unavyotaka.

Saa 2. Nayeyusha kiinitete kilichokuwa kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kimetoka kimesinyaa kama zabibu kavu. Nakirudisha kwenye joto.

Saa 4 nachungulia tena kwenye hadubini: kimejaa maji, kimevimba, na upande mmoja kuna kifundo cha seli zitakazokuwa mtoto. Nimeona mamia, bado namwita mwenzangu aje aone.

Saa 5. Mama atakayepandikiziwa kiinitete hicho anataja jina na tarehe ya kuzaliwa, nami nasoma kwenye kisahani, muuguzi akishuhudia. Ukuta wa mji wa mimba una milimita 9, na leo ni siku ya 6 ya projesteroni, homoni ya kuuandaa ukuta huo; yaani siku 5 kamili zimepita. Siku hizo tunazihesabu kwa makini, kwani kiinitete cha siku ya 5 hutaka ukuta wa umri wake. Daktari anapitisha katheta, mrija laini wenye kiinitete, polepole, asiguse kilele cha mji wa mimba. Kwenye skrini kinatokea kinukta cheupe. Narudi na katheta kwenye hadubini kuhakikisha hakijanasa. "Safi!"

"Dokta, nikienda haja ndogo hakitatoka?"

"Hakitoki, dada. Inuka uende."

Wengi wameambiwa walale chali wiki mbili. Haisaidii. Wengine wamelipia kukwanguliwa ukuta wa mji wa mimba ili kiinitete kishike. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha wanawake zaidi ya 1,300 ulikuta waliokwanguliwa na wasiokwanguliwa wamejifungua sawa, takribani 26 kwa kila 100. Inaniuma mtu anapouza kiwanja chake kwa ajili ya kitu kama hicho.

Saa 9 alasiri. Majibu ya damu ya dada mwingine: hakuna mimba. Nampigia mwenyewe.

"Nilibeba ndoo ya maji juzi. Ndiyo hiyo?"

"Siyo ndoo, dada yangu. Mara nyingi kiinitete chenyewe huwa na kasoro ya kromosomu tusiyoiona. Hukukosea kitu. Pole sana."

Kimya kirefu. Nasikia watoto wa jirani wakicheza.

"Vimebaki vingapi?"

"Viwili."