Baridi, Si Giza: Usiku Tatu za Kuipiga Picha Mianga ya Kaskazini

Usiku wa kwanza nilirudi chumbani na picha zaidi ya 90, na hata moja haikufaa kuonyeshwa mtu. Mianga yenyewe, ile ya rangi inayowaka angani usiku kaskazini ya mbali (aurora), haikuwa na kosa. Ilikuwa imetanda juu ya Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kama pazia la kijani linalotikiswa na mtu asiyeonekana. Mji huo uko karibu nyuzi 70 kaskazini mwa ikweta, chini kabisa ya ukanda ambamo chembe za upepo wa jua, yaani zinazotiririka kutoka juani, zikiongozwa na uga sumaku wa dunia, hugonga angahewa. Kwa hiyo hata kipimo cha Kp, kinachopima msukosuko wa uga sumaku wa dunia kuanzia 0 hadi 9, kikiwa 2 tu, mianga huonekana. Mimi nilikuwa nimepoteza majuma kadhaa nikiombea kipimo kifike 6, ilhali jambo nililopaswa kulifuatilia ni mawingu.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Nilikuwa nimeacha mbele ya lenzi ile filta ya kioo ambayo wengi wetu huifunga ili kuikinga isikwaruzwe. Katikati ya kila picha kulikuwa na pete hafifu, moja ndani ya nyingine, mfano wa mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Rangi ya kijani ya mianga hutoka kwenye oksijeni, na ni mwanga wa takriban urefu mmoja tu wa mawimbi, hivyo unaporudishwarudishwa kati ya nyuso bapa za kioo hujenga pete hizo kwa urahisi. Ondoeni filta kabla ya kutoka nje, kwa sababu kwenye baridi kali pete yake ya chuma hukaza na vidole vyenye ganzi haviifungui.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilizungusha lenzi hadi kwenye alama ya umbali usio na mwisho, nikaamini kwamba nyota na mianga vitatoka vikali, yaani bila ukungu. Alama hiyo, kwenye lenzi nyingi, si mahali penyewe hasa. Ukali halisi uko kando kidogo, na chuma na kioo vikipoa husogea tena. Njia niliyoifuata usiku wa tatu ni hii: nilizima ulengaji wa kamera wa kujiendesha, nikaielekeza kamera kwenye nyota angavu, nikaikuza nyota hiyo kwenye skrini, kisha nikazungusha pete ya lenzi polepole hadi nyota ikawa nukta ndogo kuliko zote. Nukta hiyo hunenepa tena ukipitiliza, nawe unarudi nyuma kidogo, kama mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano. Nilipoipata niliibana pete kwa kipande cha utepe wa gundi, na baada ya kila nusu saa nilihakiki upya.

Usiku wa pili sina la kusimulia: mawingu tangu magharibi hadi alfajiri.

Usiku wa tatu dereva wetu alitazama picha za setilaiti za mawingu, akaamua kuiacha pwani na kutupeleka bara, kwenye bonde la Skibotn karibu na mpaka wa Ufini, ambako milima huzuia unyevu wa bahari na anga huwa safi mara nyingi zaidi. Uzuri huo una bei yake. Pwani hupashwa joto na mkondo wa bahari, lakini bondeni kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 21 chini ya sifuri, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayeharibu picha za mianga si giza bali ni baridi. Betri iliyokuwa imejaa ilionyesha robo baada ya chini ya saa moja. Haikuwa imekwisha; baridi hupunguza kasi ya kemia iliyo ndani yake, na nilipoiweka kwenye mfuko wa fulana iliyogusa mwili na kutumia nyingine, iliamka tena kwa muda. Tangu hapo nilizibadilishana betri tatu namna hiyo usiku kucha. Stendi ya kamera niliigusa mara moja tu bila glavu. Hata pumzi ni adui: niliinama kutazama skrini, nikashusha pumzi kwa raha, na ukungu wa pumzi hiyo ukaganda juu ya lenzi kuwa barafu nyembamba ambayo kitambaa hakikuweza kuiondoa.

Kuhusu vipimo vya kamera, sitawapa kanuni moja, maana mianga haina tabia moja. Nilianza na tundu la lenzi la f/2.8 (uwazi mpana), ISO 1600 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na sekunde 10 za kupokea mwanga, ambazo zilitosha wakati upinde wa kijani ulipokuwa umelala tuli juu ya mlima. Ghafla upinde ukakatika, ukaanza kujikunja na kukimbia kutoka mashariki kwenda magharibi. Sekunde 10 zile zile zikaigeuza mikunjo yote kuwa rojo la kijani. Nilishuka hadi sekunde 2 na kupandisha ISO hadi 3200, na mistari ya pazia ikabaki mistari. Ukingo wa juu ulitoka na wekundu ambao macho yangu hayakuuona kabisa, kwani gizani jicho hutumia zaidi seli zisizotambua rangi. Wekundu huo hutoka kwenye oksijeni iliyo zaidi ya kilomita 200 juu, na chembe yake huchukua karibu dakika mbili kabla ya kuutoa mwanga, ilhali ya kijani haingoji hata sekunde moja. Ndiyo maana kijani hucheza na wekundu hutanda tu kama moshi.

Kabla ya kuingia garini niliitia kamera ndani ya mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa nguvu nikiwa bado nje, ili hewa yenye joto na unyevu isiiguse ikiwa bado baridi na kuijaza matone mpaka ndani ya lenzi. Ilikaa humo hadi asubuhi. Wakati wa kifungua kinywa matone yalikuwa nje ya plastiki, na kamera ilikuwa kavu. Katika picha 214 za usiku huo nilibakiza 11. Za usiku wa kwanza nilizifuta zote isipokuwa moja, ambayo pete zake zimekaa katikati kabisa ya pazia angavu kuliko lolote nililoliona baadaye.