Nilivyopima sumaku ya mrututu kwa mzani wa sonara hapa Wete

Nasomesha tuisheni ya kemia fomu siksi hapa Wete, na kuna jambo nimewasomesha vibaya watoto wa watu miaka mitatu mizima. Nilikuwa nawaambia metali za mpito, yani shaba, chuma, manganizi na wenzao, chumvi zake zina rangi na zinavutwa na sumaku kwa sababu moja tu, elektroni za d (zile zinazokaa kwenye vyumba vitano viitwavyo d) zisizo na mwenza, wao wanaandika, mtihani wanafaulu, mambo yanakwenda. Mpaka siku hiyo binti mmoja wa nyuma kule akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo chenye rangi kali zaidi ndo kinavutwa zaidi?" Nikamjibu eeh, haraka haraka.

Usiku ikanikaa. Fomula ya nguvu ya sumaku naijua, unachukua idadi ya elektroni pweke, unazidisha na hiyo hiyo ukiongeza mbili, halafu unatafuta mzizi. Shaba ya mrututu (kopa salfeti) ina moja, inatoka 1.73, manganizi ina tano, inatoka 5.92. Sasa manganizi salfeti si nimeiona kwa macho yangu, ina uwaridi kidogo tu kama ukucha wa mtoto mchanga, na mrututu ndo buluu ile kila mtu anaijua!

Nikasema n'tapima mwenyewe. Mzani wa skuli haufai, nikamwendea sonara mmoja mzee mana wake unasoma mpaka 0.01 ya gramu. "Mzee wangu shikamoo, naomba kuazima mzani." "Marahaba. Mzani hautoki hapa mwanangu, ila wewe ingia ukae." Basi baada ya alasiri nikaenda na sumaku niliyoitoa kwenye hadi diski mbovu ya kompyuta, ile ndogo lakini ukiiachia inakubana kidole, mrututu nimenunua duka la dawa za miti shamba, vilivyobaki nimeomba maabara ya skuli.

Mpango ni kuweka sumaku juu ya mzani, unaufanya usome sifuri, halafu unaleta testi tyubu yenye unga juu yake bila kugusa. Unga ukivutana na sumaku, sumaku inakuwa kama imepungua uzito, mzani unasoma minasi. Mara ya kwanza namba zikawa zinacheza ovyo, sifuri haikai, nimehangaika karibu nusu saa na mzee ananitazama tu juu ya miwani, kumbe sumaku inavutana na vyuma vya ndani ya mzani wenyewe. Nikapindua kopo tupu la siagi, sumaku nikaipandisha juu yake, ikatulia.

Mrututu minasi 0.02. Nikarudia mara tano, 0.02. Manganizi, ile iliyopauka, minasi 0.31! Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya risiti, nguvu inafuata mraba wa ile namba, yani 35 kwa 3, halafu mrututu kila chembe imebeba maji yake matano kwa hiyo gramu moja ina shaba kidogo, ikaja kama mara 17. Mzani wa sonara umenipa mara 15 na ushei, mie nimeridhika. Zinki salfeti sifuri. Pamanganeti, ile zambarau yenye manganizi pia, inayotia doa mpaka kwenye kucha, sifuri.

Kwa hiyo rangi na sumaku zina hesabu mbalimbali: sumaku inahesabu elektroni pweke, rangi inatoka elektroni ikila mwanga na kuruka. Manganizi ile ya kwanza, ya salfeti, elektroni zake tano kila moja ina chumba chake na zote zinazunguka upande mmoja, ili moja iruke lazima igeuze mzunguko, na mwanga hauruhusu hilo ila kwa nadra, ndo mana imepauka. Pamanganeti haina hata elektroni moja ya d, rangi yake inatoka kwa elektroni ya oksijeni kurukia kwenye manganizi, na mruko huo hauna kizuizi. (Ukiutawanya mwanga kwa kipande cha sidii ndani ya boksi la viatu unaona kabisa rangi ya kijani imeliwa, kwa mrututu inaliwa nyekundu.)

Siku ya pili nikaenda na wanafunzi wanne, binti yule akiwemo, nikamwambia mbele ya wenzake jibu langu la juzi lilikuwa baya. Tukapima ferasi salfeti, chumvi ya chuma, minasi 0.14. Halafu potasiamu ferosayanidi, fuwele za manjano, chuma kile kile chenye elektroni sita za d, sifuri. Nikawaambia fikirini boti ya Unguja, elektroni ndo abiria, vyumba vya d vingine viko chini vingine juu, nauli ya juu ikiwa ndogo watu wanatawanyika, sayanidi imeipandisha nauli mno, wote sita wamebanana chini wawili wawili, hakuna aliye pweke.

Mzee akachukua ile tyubu ya manjano, akatoa sumaku yake mwenyewe anayojaribia dhahabu kama imefichwa chuma, akaipitisha mara mbili tatu.

"Na humu mnasema mna chuma?"

"Mna chuma, babu," binti akajibu.

"Basi mie nimeshauziwa vingapi."